Tumbo la Epuyo

Koti lilikataa kufungwa. Nawoi alivuta upande wa kushoto, akavuta upande wa kulia, akamwambia mumewe atoe pumzi. Epuyo akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, lakini kifungo na tundu lake vikabaki vikitazamana kwa mbali kama watu waliokosana. Koti lenyewe lilikuwa la kuazima. Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaani, mtu mwenye mwili wa kutosha, na Krismasi iliyopita Epuyo alipolivaa kwenda kanisani lilimpwaya hata watoto wakamwita turubai.

"Umenenepa," alisema Nawoi.

"Nimenenepa," Epuyo akakubali haraka.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia Nawoi. Katika miaka ishirini ya ndoa yao Epuyo hakuwahi kukubali jambo lolote haraka. Tena mwaka huo, mwaka wa tisini na sita, hapakuwa na mtu aliyenenepa Lodwar. Mvua ilikuwa imepita mbali, mbuzi wamebaki mifupa, na unga wa msaada ulikuja ulipopenda. Nawoi akamtazama mumewe vizuri. Mikono ilikuwa imekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Kilichonenepa ni tumbo peke yake, tena upande wa kulia.

Akapeleka mkono chini ya mbavu. Kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo, mithili ya kibuyu kilichojaa maziwa. Epuyo akaushika ule mkono akauondoa taratibu.

"Ni chapati," akasema.

"Chapati? Umekula chapati lini?"

"Zamani."

Nawoi akalikunja koti, akaliweka juu ya sanduku, akatoka nje kufikiri.

*

Toka Kainuk hadi Lokichoggio hapakuwa na mtu asiyemjua Epuyo kwa sura. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mwigizaji wa Mradi wa Sinema ya Afya, uliokuwa na gari moja, projekta moja, jenereta moja yenye kikohozi, na shuka jeupe lililotundikwa ubavuni mwa gari kila walipofika penye watu. Mradi ulitengeneza filamu zake wenyewe, za kuchekesha, kwa sababu waligundua mapema kwamba watu wa Turkana hawaketi chini kusikiliza habari za choo wasipochekeshwa.

Fedha za kulipa waigizaji zilitosha mwigizaji mmoja. Hivyo Epuyo aliigiza wote. Alikuwa chifu, na mke wa chifu. Alikuwa mama mkwe mwenye maneno, mganga wa kienyeji, nesi mwenye kofia, mlevi, mkunga, na askari wa kizuizi cha barabarani anayekataa kunawa mikono. Mhusika mmoja akiongea na mwenzake, Epuyo aliongea upande huu, kamera ikasimama, akabadili nguo, akajijibu upande ule. Siku mbwa waliyemkodi alipotoroka, Epuyo alijifunika ngozi ya mbuzi akamwigiza mbwa kwa nyuma, akakojolea sufuria kwa ustadi kiasi kwamba watu wa Lokori walibishana mwaka mzima mbwa yule alikuwa wa nani.

Ila hakuna aliyejua sauti yake. Filamu zilipigwa bila sauti. Elijah, dereva wa gari, ndiye aliyesimama kando ya projekta na maikrofoni akiwasemea wote, kwa Kiturkana hapa, kwa Kiswahili pale, na huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa Kiarabu cha Juba alichojifunza kwa wenye maduka. Watu walirudi nyumbani wakiiga sauti ya Elijah na mwendo wa Epuyo, wakidhani ni mtu mmoja.

Filamu iliyopendwa kuliko zote iliitwa "Mbwa na Sufuria." Ndani yake mzee mmoja anamwachia mbwa wake alambe vyombo, anaota uvimbe tumboni kwa mayai ya minyoo ya mbwa, kisha anawakimbia wote wanaotaka kumpeleka hospitali. Anajificha ndani ya pipa. Anapanda mti. Anajifanya amekufa, halafu anapiga chafya kwenye mazishi yake. Epuyo alikuwa amefungiwa beseni la plastiki chini ya shuka, na mwendo wake na lile beseni, kifua nyuma, miguu ikitafuta njia yenyewe, uliwafanya watu wazima wagaegae mchangani. Mwishoni mzee anakubali, anapasuliwa, anapona. Sehemu hiyo haikuwa na kichekesho kikubwa, na Nawoi alikuwa na hakika kwamba wengi walikuwa wameshaanza kuinuka kwenda kulala.

Sasa barua ilikuwa imekuja, kwa Kiingereza, yenye muhuri wa Mradi. Binti yao Akoru, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyeisoma.

"Wanasema Jumamosi watafanya sherehe ya kumpongeza Baba kwa kazi ya miaka kumi na miwili. Ukumbi wa hapa Lodwar. Kuna mgeni kutoka ng'ambo. Wanasema Baba ni mwigizaji wa sehemu nyingi."

"Sehemu gani?" Nawoi aliuliza.

Akoru akaitazama barua tena. "Hawajataja. Halafu baada ya Jumamosi wanaenda naye Lokori, wanazunguka wiki nzima na huyo mgeni. Anaigiza mbele ya watu."

Epuyo aliitia barua mfukoni na siku tatu hakuitoa.

*

"Twende hospitali," Nawoi alimwambia jioni ile ya koti, wakinywa chai ya rangi mlangoni.

"Kwa nini? Si mgonjwa. Ni upepo umeingia."

"Upepo haushikiki."

"Basi ni wengu. Hata baba yangu alikuwa na wengu kubwa, akaishi."

"Baba yako alikufa na miaka arobaini."

"Lakini aliishi."

Akoru alikuwa akiosha vikombe. Akasema bila kugeuka, "Baba, hayo maneno ni ya filamu. Upepo, halafu wengu, halafu baba yake. Umefuata vilevile."

"Hayo ni maneno ya Elijah," Epuyo akajibu. "Mimi sikusema kitu. Nilifungua mdomo tu."

Binti alipoondoka na maji machafu, Epuyo aliinamisha kichwa akasema kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nyembamba na ya aibu, sauti ya mtu aliyezoea kusemewa: "Mama Akoru, mimi ndiye niliyefundisha wilaya nzima kufukuza mbwa. Chifu wa Lokori alipiga mbwa marufuku mbele yangu. Leo nilale kitandani na uvimbe wa mbwa? Watu watasema nini?"

"Mlikuwa na mbwa ulipokuwa mdogo?"

"Nani hakuwa na mbwa? Mama yangu alimwita mbwa aje amsafishe mtoto. Mimi ndiye mtoto."

"Basi umeupata kabla hujaanza kufundisha. Hakuna aibu hapo."

Epuyo akafikiria. "Ipo," akasema, akaingia ndani.

*

Alhamisi Nawoi akamdanganya. Alisema goti lake linamuuma na hawezi kufika zahanati peke yake. Epuyo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimshika mkono njia nzima, na Nawoi akachechemea vizuri kiasi cha mwanamke aliyeishi miaka ishirini na mwigizaji.

Walipoingia tu penye foleni, kicheko kikaanza. Kilianza kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kikapita benchi la kwanza, kikafika la nyuma. "Mzee wa sufuria!" "Angalia amekuja na tumbo lake!" "Ejok, hujambo mama mkwe!" Mwenye bandeji kichwani akamuuliza beseni hili ni lile la bluu au amepewa jipya.

Nawoi akamtazama mumewe akitumaini atanyamaza. Lakini watu walipocheka, mwili wa Epuyo ulijibu wenyewe, kama mguu unavyoruka daktari akigonga goti. Kifua kikarudi nyuma. Miguu ikaanza kutafuta njia. Akapita katikati ya mabenchi kwa mwendo ule, akajificha nyuma ya mlango, akachungulia, na foleni nzima ikapoteza nguvu. Nawoi akaona jasho likimtiririka Epuyo masikioni, na mkono wake mmoja umeshika ubavu kwa nguvu ambayo haikuwa ya kuigiza. Hakuna mwingine aliyeuona mkono.

Ndani, mganga wa zahanati alikuwa kijana aliyekulia hapohapo, na alifurahi kupita kiasi.

"Mzee! Nilikuona nikiwa darasa la sita. Ni wewe ulinifanya nisomee kazi hii. Yule nesi, kofia inaanguka kwenye uji!"

"Daktari," Nawoi akasema, "mimi goti si neno. Mpime huyu tumbo."

Kijana akacheka mpaka akavua miwani. "Hata mama mnaigiza pamoja siku hizi?"

"Mpime."

Akampima, kama mtu anayekubali kushiriki mchezo, kwa vidole viwili, juu ya shati. Epuyo akatoa sauti ya mbwa. Hakuwa amepanga, ndiyo iliyokuwa karibu. Kijana akaegemea ukuta. Waliondoka pale na vidonge vya kiungulia kwenye karatasi ya daftari, na Nawoi akapewa dawa ya kuchua goti.

Walipofika karibu na nyumbani Nawoi akasema, "Kwa nini umefanya vile?"

"Walikuwa wameketi tangu asubuhi," Epuyo akajibu. "Nimewahurumia."

*

Ofisi ya Mradi, alikokwenda Nawoi alasiri ileile, ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Bwana Akuwam, meneja, alikuwa Mturkana wa Lokori aliyesoma mpaka Nairobi akarudi na tai. Alimsikiliza Nawoi mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mganga wa zahanati. Alicheka."

"Vizuri," Bwana Akuwam alisema, na bega lake likashuka kidogo. "Mama Akoru, nisikilize. Huyu mgeni anakuja kuangalia kama tuendelee ama tufunge. Ndiye mwenye kusema. Sasa mwigizaji wetu mwenyewe akionekana ana ugonjwa uleule, ataandika nini kule kwao? Ataandika kwamba filamu haikufundisha hata aliyeiigiza."

"Alikuwa nao tangu mtoto."

"Hiyo haitaingia kwenye ripoti. Tungoje wiki moja. Tumalize Lodwar, tumalize Lokori, mgeni apande ndege. Halafu mimi mwenyewe nampeleka."

"Anapelekwa wapi?"

Bwana Akuwam akapekua karatasi ambazo hazikuhitaji kupekuliwa. "Tutaona." Kisha akampa ratiba ya sherehe, akamwonyesha kwa kalamu mahali jina lake lilipo. "Na wewe utasema dakika mbili. Useme umefurahi. Basi."

Nje, Elijah alikuwa chini ya gari akifunga nati. Akajitoa kwa mgongo, akajifuta mikono na tambara, akasema kwa ile sauti nene ambayo wilaya nzima ilidhani ni ya mume wa Nawoi:

"Mama Akoru, nimesikia. Dirisha liko wazi. Sikiza mimi. Madaktari wa kupasua hiyo uvimbe wameshuka Kakuma jana na ndege. Wanakaa mpaka Ijumaa ingine. Lakini orodha ya watu wanafunga Jumatatu. Wakienda, mpaka Desemba ndio wanarudi."

"Na Desemba?"

Elijah akautazama mfuniko wa tangi. "Ule kitu ukipasuka wenyewe ndani, mtu anaenda siku moja. Tulisema kwenye filamu, lakini tulikata hiyo sehemu. Watu walikuwa hawacheki."

Nawoi akaikunja ile ratiba mpaka ikawa ndogo.

"Mimi nimemsemea miaka kumi na mbili," Elijah akaongeza. "Hii siwezi kumsemea. Lakini Jumamosi gari itakuwa na mafuta."

*

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili filamu ionekane, na joto likawa la kupikia. Meza ya mbele ilikuwa na kitambaa, maua ya plastiki na soda tano kwa watu saba. Epuyo aliketi katikati, koti likiwa wazi, na shati limelegezwa nje. Mgeni kutoka ng'ambo alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe na viatu vya kamba, asiyejua neno la Kiswahili ila asante, ambalo alilitumia kwa kila kitu, pamoja na kusalimu.

Hotuba zilikuwa nne, zote za Kiingereza. Watu walipiga makofi kila mwenye hotuba aliponyanyua kichwa. Bwana Akuwam alihesabu kwa vidole watu wote ambao Epuyo aliwahi kuwa, akafika kumi na tisa, na alipomtaja mbwa ukumbi ulivunjika. Kisha wakaonyesha "Mbwa na Sufuria," Elijah akisimama pembeni na maikrofoni. Nawoi aliketi mstari wa pili na Akoru. Watu wazima walilia kwa kicheko. Juu ya shuka mumewe, kijana zaidi, alikuwa akipanda mti na beseni tumboni, na chini ya shuka mumewe wa sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mablanketi yaliposhushwa watu wakaanza kuimba: "Mwendo! Mwendo!"

Epuyo akainuka. Akatembea ule mwendo toka ukuta hadi ukuta, na kweli ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye filamu.

"Bila beseni!" mtu akapiga kelele kwa mshangao. "Jamani, bila beseni!"

Mgeni alipiga makofi naye. Lakini Nawoi, aliyekuwa akimtazama, aliona makofi yake yakipungua kasi kabla ya ya wengine.

"Sasa mama mwenye nyumba atuambie machache," Bwana Akuwam akatangaza.

Nawoi akaenda mbele. Hakuwahi kushika maikrofoni, na alipoishika ikalia, watu wakacheka, akangoja wamalize.

"Nimeshukuru," akasema. "Hiki mnachocheka ni ugonjwa. Mume wangu ana uvimbe wa mbwa. Nataka apelekwe Kakuma leo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja akaipiga meza ngumi kwa furaha. Bwana Akuwam akamwinamia mgeni akatafsiri kwa Kiingereza, akitabasamu, na Akoru, aliyekuwa akiongoza darasa lao kwa Kiingereza, akaruka kitini akapaza sauti kwa mamake:

"Mama, anasema umejivunia sana!"

Nawoi akaweka maikrofoni juu ya meza. Hakubishana na mtu. Akamzunguka Bwana Akuwam, akaushika mkono wa yule mama mzee, mkono mkavu wenye mabaka, akauvuta hadi kwa Epuyo, akaupitisha chini ya shati na kuuweka upande wa kulia chini ya mbavu. Wengine walidhani ni desturi. Kuna waliopiga vigelegele.

Mgeni alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuelezwa. Halafu vidole vyake vikaanza kutembea vyenyewe, polepole, vikibonyeza, vikisikiliza. Baadaye walielezwa kwamba alikuwa nesi miaka thelathini kabla hajawa mtu wa kuandika ripoti. Tabasamu likamtoka. Akasema kitu kifupi.

"Anauliza tangu lini," Bwana Akuwam alitafsiri, na safari hii alitafsiri sawasawa.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilififia mstari kwa mstari, kama redio inayoishiwa betri, mpaka kikabaki kwa mtu mmoja nyuma kabisa ambaye hakuwa akiona vizuri, naye akakanywa.

Epuyo alimtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Nitaenda Jumatatu," akasema.

"Orodha inafungwa Jumatatu."

"Mama Akoru." Maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi mezani kando yake, na hakuna aliyekumbuka kuizima. "Naogopa kisu."

Sauti ile nyembamba ikatoka kwenye spika zote mbili. Watu wakatazamana. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa hawajaisikia.

"Kumbe anaongea," mama mmoja akasema taratibu.

"Hata mimi nakiogopa," Nawoi akamjibu Epuyo. "Twende tukiogope huko."

Alimvua koti la mwalimu ili lisichafuke njiani, akampa Akoru alirudishe kwa mwenyewe. Nje, injini ilikuwa inanguruma. Bwana Akuwam alifuata mpaka mlangoni, ratiba mkononi, akasema kwamba bado hawajafika kwenye cheti. Mgeni akamwambia maneno mawili ya Kiingereza ambayo Akoru alikataa kuyatafsiri.

*

Walifika Kakuma jioni, wamebadilika rangi kwa vumbi. Kwenye wodi ya upasuaji aliwapokea msaidizi aitwaye Spéciose, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mkimbizi aliyekuja kambini akitokea Bukavu, na alitunza daftari la wagonjwa kama mtu anayetunza moto.

"Jina?"

Epuyo akajitaja. Spéciose akainua macho, akamtazama, akaacha kalamu.

"Weye ni ule wa sinema."

"Ndiyo."

"Sikiya, Papa. Ndani kule kuko batu munane. Bote banatoka kupasuliwa. Kama unawachekesha, nyuzi zinakatika, na mimi ndiye nitaulizwa. Unaingia na uso wa kawaida. Umesikia?"

Epuyo akaingia na uso wa kawaida. Haukusaidia. Mgonjwa wa kitanda cha kwanza alimwona, akafunga macho, akashika bandeji kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Wa pili akageukia ukuta. Mama mmoja wa Kinuer, Nyawal, akajiziba uso kwa shuka na kutoka chini ya shuka zikasikika sauti kama za kuku. "Mutulie!" Spéciose akafoka. "Musimuangalie!"

Kwenye kitanda cha nne alilala kijana mrefu wa Kidinka, miguu ikipita ukingo. Aliitwa Malek. Alingoja maumivu yapoe, akamwita Epuyo kwa kidole.

"Mzee, mimi naona sinema yako pale kambini," akasema. "Mimi nacheka sana. Nacheka, nashika tumbo. Halafu kicheko inaisha, na mkono wangu bado anashika kitu. Nasema, hii si kicheko. Kesho yake natembea mpaka hapa."

"Uliona mpaka mwisho?" Epuyo akauliza. "Pale anapopona?"

"Pale watu walikuwa wanaenda. Mimi nabaki."

"Na mimi," akasema mgonjwa wa kwanza kwa Kiturkana, macho yamefungwa bado. "Nimetoka Lokichoggio. Mke wangu alinileta. Alisema nimeanza kutembea kama wewe."

Spéciose alithibitisha kutoka kwenye daftari. Kati ya wale wanane, sita walipoulizwa ni nani aliyewatuma, walikuwa wamesema sinema. Alikuwa ameandika hivyo kwenye safu ya waliowatuma, penye majina ya madaktari. Epuyo aliusogelea ule ukurasa akautazama kwa muda, ingawa hakujua kusoma. Kisha akaenda kitanda alichoonyeshwa, akalala chali, akasema awekwe wa kwanza kesho kabla hajabadili nia.

Hakuwekwa wa kwanza. Aliwekwa wa tano, na siku yenyewe ikawa Jumatatu. Nawoi aliketi kwenye sementi nje ya mlango toka asubuhi. Saa sita akaacha kuomba kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha, akabaki ameketi tu. Saa nane daktari alitoka, glavu zimevuliwa, akamwonyesha kwa mikono ukubwa wa kitu walichokitoa. Mikono ilikuwa mbali sana. Akasema kilitoka kizima, hakikupasuka. Nawoi akainuka, akaketi tena, akalia hapohapo mbele ya mtu asiyemjua.

*

Jumatano Bwana Akuwam aliwasili na cheti kwenye fremu, mgeni, na Elijah. Kwa kuwa ratiba ilisema kuna kukabidhi, kulikuwa na kukabidhi. Alisimama kati ya vitanda, akasoma hotuba iliyobaki. Kwenye cheti jina lilikuwa limeandikwa Epayo. Wagonjwa walisikiliza kwa heshima, wameshika matumbo, kwa sababu Epuyo alikuwa amelala bila kufanya lolote na hilo peke yake lilikuwa hatari kwao.

"Mzee aseme neno," Bwana Akuwam alimaliza, akamtazama Elijah kwa mazoea.

Elijah akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua moja.

Epuyo alilamba midomo. "Nashukuru," akasema kwa sauti yake nyembamba. "Wale waliobaki mpaka mwisho, nawashukuru zaidi."

Malek akajibu kutoka kitandani kwamba hakuna shida.

Nawoi hakusikia yaliyofuata, kwani Spéciose alikuwa amemgusa bega akimwonyesha nje. Mlangoni walikuwa wamesimama watu kama thelathini, wengine kutoka mji wa Kakuma, wengine kutoka kambini, mama wawili wa mbali na fito zao mkononi. Habari ilikuwa imefika kwamba mtu wa sinema amepasuliwa kweli kweli. Walikuwa wamekuja kuona kama amekufa.

"Hajakufa," Nawoi aliwaambia. "Amepewa cheti."

Wakaguna kwa kustaajabu. Lakini hawakuondoka, na Nawoi alipowatazama vizuri aliona mzee mmoja ameegemea ukuta, mkono mmoja umeshika ubavu wa kulia kama anayeushika kwa bahati tu. Akaona mama mwingine, khanga imefungwa juu sana.

Spéciose alikuwa ameona pia. Akatoka na daftari na kiti, akapaza sauti.

"Wa kumuona mugonjwa, mustari huu wa kushoto. Bale ba tumbo, mustari huu wa kuume. Daktari iko mpaka Ijumaa."

Wote thelathini wakasimama kushoto. Spéciose akaketi, akafungua ukurasa mpya, akachora mistari ya safu kwa rula bila haraka, kama hana habari nao. Upepo ukapita na vumbi lake. Nawoi akaenda akasimama kulia, peke yake, akamkazia macho yule mzee wa ukutani.

"Mimi nimekuja kuona tu," mzee akamwambia.

"Najua," Nawoi akajibu. "Njoo uonee huku."

Mzee akatazama chini. Akatazama watu. Kisha akavuka zile hatua nne za mchanga, miguu ikitafuta njia, kifua nyuma, na hakuna aliyecheka. Yule mama wa khanga akamfuata.

"Jina?" Spéciose akauliza.